Anayekaa Ndani

Siku ya tatu ya kazi yangu Mikindani, bibi mmoja alinikaribisha kitako barazani kwake, akanitazama nikijaza fomu, kisha akaniuliza kama ninachoandika kinaweza kufutwa.

Fomu ilikuwa yangu mwenyewe. Niliitunga Dar es Salaam kwa ajili ya tasnifu ya shahada ya umahiri, nikaichapa nakala sitini na kuzibana kwenye ubao wa kuandikia ili nionekane mtu wa kazi. Ilikuwa na visanduku vya kutia tiki: ukuta wa mawe ya matumbawe, dari ya boriti za mikoko, mlango wa nakshi, baraza, roshani. Chini kabisa kulikuwa na hali ya jengo, yenye majibu matatu, na mstari mmoja wa mapendekezo. Kwa bibi yule nilikuwa nimetia tiki karibu kila mahali. Kwenye mapendekezo nilishaandika: lihifadhiwe.

"Umeandika nini hapo mwisho?" aliniuliza. Nilimsomea.

"Na nani, mwanangu?"

Sikumwelewa.

"Lihifadhiwe na nani?"

Nilikuwa na jibu la darasani. Nilisema jamii, serikali, wadau. Alicheka kwa adabu, kama mtu anavyomchekea mtoto wa mgeni, akaingia ndani kuniletea maji ya kunywa. Nimebeba swali lile kwa miezi sasa. Nimelipeleka maktaba, nimelileta hosteli, na mara moja nimelipeleka nyumbani Masukulu, ambako lilinigeukia.

Kwa wasiofika: Mikindani iko kusini kabisa mwa pwani yetu, kama kilomita kumi kutoka Mtwara mjini, kwenye ghuba iliyojikunja hivi kwamba ukikaa barazani maji yanaonekana kama ziwa. Basi la kutoka Dar hupita hapo saa ambayo abiria wamechoka na mtu hatazami dirishani. Ukishuka unakuta nyumba za udongo na makuti, nyumba za saruji na bati, mibuyu, na katikati yao kuta nene za mawe, nyingine zina paa, nyingine zina mti wa mpapai ulioota sebuleni. Mlango wa nakshi unaweza kuwa umesimama peke yake, nyuma yake hakuna nyumba.

Mji huu uliwahi kuwa na pesa. Katika karne ya 19 majahazi yalipakia hapa pembe, nta, mpira wa porini na watu. David Livingstone alipita ghuba hii mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho, ile ambayo hakurudi. Wajerumani walijenga boma lao juu ya kilima mwaka 1895. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza wakaja na mpango wa karanga, uliohitaji bandari ya meli kubwa, na bandari hiyo ikajengwa Mtwara. Mpango ule uliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini bandari ilibaki, na biashara haikurudi Mikindani. Nadhani ndiyo maana mji wa kale upo. Wenye pesa walihama kabla hawajapata muda wa kubomoa.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya ghorofa moja. Nasema ilikuwa, kwa sababu ghorofa yenyewe ilishaanguka miaka mingi iliyopita, na zilibaki ngazi zinazopanda kwenda angani. Vyumba vyake vyote ni vyembamba na virefu. Sababu yake ni mkoko: boriti nzuri haizidi sana mita tatu, kwa hiyo upana wa chumba unaamuliwa na mti. Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, kisha ukapakwa chokaa tena. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Unapokea unyevu na kuutoa. Ukiupaka saruji unaziba pumzi yake, maji yanakaa ndani, na baada ya misimu michache plasta inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, ikiondoka na vipande vya jiwe. Jambo hili nilikuwa nimelisoma. Kwa bibi nililiona: ukuta wa mbele, uliowahi kuzibwa na ndugu mmoja kwa mfuko wa saruji na nia njema, ndio ulioharibika kuliko zote.

Yeye na wajukuu watatu walikaa kwenye chumba kimoja cha nyuma, chini ya bati. Sehemu nyingine zote zilikuwa za mvua na popo.

Mirathi ya nyumba ile ina warithi kumi na mmoja. Wengine wako Dar, wengine Unguja, mmoja alikwenda Maskati zamani na watoto wake hawajawahi kuiona. Kila mmoja ana fungu lake, na hakuna mwenye fungu kubwa la kutosha kumfanya anunue boriti. Lakini wote wana fungu la kutosha kukataa isiuzwe. Bibi alinieleza haya bila hasira. Mpango wake ulikuwa kubomoa ukuta wa mbele, mawe yake yawe msingi, ajenge vyumba vitatu vya matofali ya saruji, bati juu, kimoja kiwe fremu ya duka apangishe. Alikuwa ameshaongea na fundi. Na sasa amekuja binti kutoka chuo, na fomu.

"Ukiniandika humo," alisema, "atakuja mtu mwingine baada yako, ataniambia nisiguse. Halafu huyo naye ataondoka."

Nilimwambia ukweli, kwamba fomu ya mwanafunzi haina nguvu yoyote ya kisheria. Ni kweli kabisa, na ni ukweli wa kukwepea. Orodha husafiri. Mtu huanza na tasnifu, tasnifu ikawa kiambatisho cha ripoti, ripoti ikawa ramani yenye rangi. Mimi mwenyewe nilifika Mikindani nikiwa na orodha ya mtu mwingine mfukoni.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ilitungwa mwaka 1964. Ilichora mstari: jengo lililojengwa kabla ya 1863 linalindwa kwa umri wake tu, la baadaye linahitaji tamko. Milango ya nakshi ilipewa mstari wake peke yake, 1940. Nilipoisoma mara ya kwanza niliipenda kwa jinsi inavyosema wazi. Mikindani iliniharibia mapenzi hayo. Hakuna mtu pale anayejua nyumba yake ilijengwa kabla au baada ya 1863. Na kuna nyumba ambayo kisheria mlango wake ni mali ya kulindwa na chumba kilicho nyuma ya mlango huo, ambamo mtoto amelala na homa, si kitu cha sheria hiyo hata kidogo. Sisemi sheria ni mbaya. Bila mstari wowote, milango yote ingekuwa imeshapakiwa kontena na kwenda kupamba hoteli za watu. Nasema tu mstari huo ulichorwa na mtu aliyesimama nje.

Boma lile la kilimani nalo lina somo lake. Lilikuwa ofisi ya utawala, likachakaa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza likalitengeneza likawa hoteli. Limetengenezwa vizuri. Nilipanda kwa miguu jua likizama, nikanunua soda ya bei ya kunishangaza, nikakaa kwenye kuta nyeupe nikiangalia ghuba, na nilifurahi. Kijana mmoja wa pale aliniambia kwamba bila boma lile yeye angekuwa Dar anauza chaja barabarani. Sasa niambie kuhusu ukoloni, nilijisema, huku ukimtazama kijana huyu usoni.

Hata hivyo nilijaribu, kwa sababu swali la kwanza nililoenda nalo Mikindani lilikuwa hilo: kama jengo zuri limejengwa kwa ubaya, tunadaiwa kulitunza?

Mimi si mtu wa pwani. Kwetu ni Masukulu, chini ya Tukuyu, na lugha ya mama yangu inaeleweka bila shida ng'ambo ya mto Songwe, kwa Wangonde wa Karonga. Mwaka 1887 Wangonde wale walivamiwa na mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeitwa Mlozi, vijiji vyao vikachomwa, na walioweza walikimbilia upande wetu. Vita vile vilikwisha Mlozi aliponyongwa na Waingereza mwaka 1895, mwaka uleule Wajerumani walipopandisha mawe ya boma Mikindani. Sijui nani alichukuliwa kutoka wapi akaishia bandari gani. Lakini biashara iliyoila nchi yetu upande wa Nyasa ndiyo biashara iliyonunua nyumba za mawe upande wa bahari, na nilipokuwa nikitia tiki kwenye kisanduku cha "mlango wa nakshi, hali nzuri" mkono wangu haukuwa mtulivu sana.

Kuna wanaosema: basi iache ianguke, mvua ihukumu. Rafiki yangu mmoja wa darasani ndivyo anavyosema, na anaisema vizuri, hasa baada ya chai. Kuna wanaosema kinyume, kwamba ukuta ni shahidi, na shahidi hauawi. Nilikuwa upande wa pili, na kwa kiasi bado niko. Kilwa Kivinje, Bagamoyo, Mikindani, zikisawazishwa zote ziwe viwanja, itakuwa rahisi zaidi kwa mtu kusema hayakutokea. Lakini hoja ya shahidi ina tundu. Ukuta hauzungumzi. Soko linaloitwa soko la watumwa hapo Mikindani lina maduka ya vinyago, na mgeni anapiga picha, ananunua kinyago, anaondoka. Kwa shahidi huyo kusema chochote lazima awepo mtu wa kumsemea, na mtu huyo anahitaji kula na kulala mahali. Kila nilipoanza na jiwe niliishia kwa mtu anayekaa pembeni yake.

Mwandishi wa Kiingereza, John Ruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1849 kuhusu usanifu, alijenga hoja ambayo bado imo kwenye mifupa ya taaluma yetu. Alisema majengo ya kale si yetu. Sehemu ni ya waliojenga, na sehemu ni ya vizazi vyote vijavyo, kwa hiyo sisi wa katikati hatuna haki ya kuyagusa. Niliposoma hayo mwaka wa kwanza niliyapigia mstari kwa kalamu ya rangi. Ni mawazo ya unyenyekevu, na mtu mwenye umri wangu hupenda unyenyekevu ambao haujamgharimu kitu. Mwaka 1964, mwaka wa sheria yetu, wataalamu walikutana Venice wakaandika mkataba wa uhifadhi wenye damu ya mawazo hayo: jengo la kale ni amana, tulikabidhi lilivyo.

Sasa hesabu mafungu ya Ruskin. Wafu wana fungu. Wasiozaliwa wana fungu. Bibi anayelala chini ya bati na wajukuu watatu hana. Ni mirathi ya ajabu ambamo mwenye kukaa ndani ndiye pekee asiyerithi. Anageuzwa mlinzi asiyelipwa wa mali ya watu wasioweza kumpigia simu.

Nitajibiwa kwamba anaweza kulipwa fidia, kwamba kuna misaada. Wakati mwingine ipo. Zanzibar, Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, una wataalamu, una fedha za kutoka nje, na bado siku ya Krismasi mwaka 2020 upande mzima wa Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, uliporomoka likiwa katika matengenezo na kuua watu wawili. Kama jumba linalotazamwa na dunia nzima linaweza kuanguka mikononi mwa waliokuwa wakilitengeneza, sijui kwa uso gani ningemwambia bibi asubiri wadau.

Na kuna ugumu mwingine ambao vitabu vyangu vya usanifu havikuutaja. Tuseme bibi anapata pesa na anataka kutengeneza kama ilivyokuwa, bila saruji. Anahitaji chokaa ya matumbawe na boriti za mikoko. Kuvunja na kuchoma matumbawe kumeharibu miamba ya pwani ya kusini, samaki wakaondoka, na kukata mikoko hovyo ni kosa, kwa sababu nzuri tu. Yaani ili ukuta wa mababu usimame, wajukuu wakose samaki. Mababu hawakuwa na hesabu hiyo kwa kuwa walikuwa wachache na bahari ilikuwa kubwa. Mtu anaposema tu "tutunze urithi wa pwani" mimi sasa huuliza upi, kwa sababu mwamba nao ni urithi, na ni wa zamani kuliko nyumba.

Nilirudi Dar na fomu hamsini na nne. Ya bibi sikuifuta wala kuiingiza kwenye kompyuta. Iliniangalia kutoka mezani kwa wiki mbili.

Katikati ya wiki hizo kundi letu la ukoo kwenye WhatsApp likaanza kuongelea nyumba ya Masukulu.

Nyumba hiyo aliijenga babu miaka ya 1970, baada ya Operesheni Vijiji kuwaleta watu barabarani. Matofali ya kuchoma, aliyafyatua mwenyewe na wanawe, udongo katikati badala ya saruji, bati juu. Ina vyumba vinne na dirisha moja la ajabu, dogo, lililo juu sana ukutani, ambalo hakuna aliyewahi kutueleza ni la nini. Kaburi la babu liko hatua kumi kutoka mlangoni, na la baba lipo pembeni yake, kama ilivyo kwetu, watu hawazikwi mbali. Mama ndiye anayekaa humo. Rungwe mvua si hadithi; zipo sehemu za wilaya yetu zinazopata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo uliofunga yale matofali umekuwa ukiondoka kidogo kidogo kwa miaka yote hiyo, ukarudi ulikotoka.

Kaka zangu walitaka ibomolewe, ijengwe mpya, bati la msauzi, madirisha ya alumini. Baba mdogo, ambaye kwa lugha yetu naye ni tata tu, aliandika kiwango cha mchango cha kila mmoja. Mimi niliandika ujumbe mrefu. Nimeurudia kuusoma na masikio yanapata moto. Nilieleza thamani ya matofali ya kuchoma, mikono ya babu, historia ya vijiji vya ujamaa iliyomo katika mpangilio wa vyumba. Nilitumia neno amana. Nilipendekeza ikarabatiwe bila kubadili sura. Nilikuwa nimejilaza hosteli, ghorofa ya tatu, chini ya dari ya zege.

Tata alijibu kwa sauti, sekunde kumi na moja. "Mwanangu, wewe utaolewa, utakwenda. Nyumba ya nini?"

Niliumia, na kwa siku nzima nilijiona nimedhulumiwa kama binti, na kwa kiasi ilikuwa kweli, kwetu nyumba haihesabiwi kwa wasichana na ninayo mengi ya kusema kuhusu hilo siku nyingine. Lakini usiku nilimpigia mama kumlalamikia. Alinisikiliza. Mvua ilikuwa inanyesha huko, niliisikia, na chini ya mvua nilisikia mlio mwingine, wa chuma, tang, tang, wenye mapigo yasiyolingana. Nilimuuliza ni nini.

"Sufuria," alisema. "Ziko tatu. Ya chumbani kwako ndiyo inayojaa haraka."

Hakusema kingine. Hakunilaumu. Mama yangu angelala kwenye maji kabla ya kumwambia mtoto wake msomi kwamba amekosea.

Lihifadhiwe na nani, mwanangu?

Jambo linaloniaibisha zaidi ni kwamba mimi, wa kabila langu, ndiye niliyepaswa kujua. Mskoti Joseph Thomson alipopita nchi yetu mwaka 1879 alivisifu vijiji vyetu kwa usafi wake, migomba yake na nyumba zake zilizopendeza. Nyumba hizo zilikuwa za mianzi. Godfrey na Monica Wilson walizikuta bado miaka ya 1930, na kitabu cha Monica kilichotoka mwaka 1951 kimeeleza kwa kirefu jinsi wavulana walivyotoka kwa wazazi wao wakajenga kijiji chao, marika pamoja, na jinsi, karibu mara moja kila kizazi, katika sherehe ya ubusoka, ardhi na uongozi vilivyokabidhiwa kwa waliokua. Mianzi haidumu. Hakuna nyumba hata moja aliyoiona Thomson iliyosimama leo, na hakuna aliyelia. Kilichopita mkono kwa mkono ni namna ya kukata mwanzi, kuufunga, kusafisha uwanja. Wajapani nao wana hekalu, Ise, ambalo hulijenga upya kila miaka 20, mara ya mwisho 2013, na hulihesabu kuwa ni lilelile la kale. Wataalamu wa dunia walihitaji mkutano mzima, Nara, mwaka 1994, kukubaliana kwamba hilo nalo lina ukweli wake. Bibi zetu wangekubali bila posho ya mkutano.

Sitaki kujidanganya kwa uzuri wa hoja hii. Namna ya kufunga mianzi nayo imepotea. Sijui mtu wa rika langu Masukulu anayeijua, mimi nikiwa wa kwanza. Mwenye kusema "tutunze ujuzi, si ukuta" mara nyingi hana ukuta wala ujuzi. Na wapo wanaofika nchi yetu wakitafuta kilichobaki cha zamani, wakaonyeshwa Rungwe majengo ya Wamoraviani waliofika 1891, na kando ya ziwa Masoko jengo la mawe la Wajerumani. Vya kwetu wenyewe havionyesheki. Mtu anaweza kuondoka akiamini hatukuwa na usanifu, na sina ukuta wa kumwonyesha kwamba ana makosa. Ndiyo bei ya mianzi, na si ndogo. Kwa hiyo siwezi kusema nyumba ya bibi ikibomolewa hakuna kitakachopotea. Kitapotea kitu, na hakitarudi: zile ngazi zinazopanda angani, upana ule wa chumba unaofuata urefu wa mti. Watakaokuja baada yetu watakuwa na haki ya kutulaumu.

Lakini haki ya kulaumu ni kitu kimoja na haki ya kukaa pakavu ni kitu kingine. Nilikuwa nimezipima kwa mizani moja, kwa sababu ya pili haikuwa yangu. Ninaweza kumdai mtu atunze kitu kwa ajili ya wafu na wasiozaliwa pale tu ninapobeba upande mmoja wa uzito: pesa, mikono, au kulala humo. Nisipobeba chochote, lihifadhiwe ni amri niliyoitoa nikiwa mgeni. Rafiki yangu wa darasani anasema kwa kipimo hicho hakuna kitakachohifadhiwa Tanzania. Inawezekana. Au kitahifadhiwa kile ambacho kuna watu walio tayari kukibeba, kama kijana yule wa bomani, na vingine tutavipima, tutavipiga picha na kuviandika vizuri kabla ya nyundo. Nimeona ramani zilizochorwa kwa uangalifu wa namna hiyo, na nikaona ndani yake heshima zaidi kuliko kwenye kibao cha "usiguse".

Nilimpigia bibi, kwa namba ya mjukuu wake. Nilimwomba ruhusa ya kurudi nipime nyumba yote, chumba kwa chumba, kabla fundi hajaanza, na nikamwambia jina lake wala namba ya nyumba havitaingia popote. Aliuliza itachukua siku ngapi. Nikasema nne. Akasema nije baada ya mfungo, na nisilete ule ubao wangu, watoto waliuogopa. Nilipouliza kuhusu mlango, alisema mlango haendi nao mtu. Utahamia kwenye fremu ya duka.

Kwenye fomu yake nilikata neno nililoandika mwanzo, nikaandika: aulizwe anayekaa ndani. Kisha nilipitia zile nyingine hamsini na tatu na kukuta kwamba kwenye thelathini na moja sikuwa nimeongea na mtu yeyote wa nyumba hiyo zaidi ya salamu. Msimamizi wangu amezungushia sentensi ile duara na kuandika pembeni kwamba pendekezo halipimiki. Tunabishana bado, kwa heshima zote.

Kwenye kundi la ukoo niliandika ujumbe mfupi: nakubali, na huu hapa mchango wangu. Haukuwa mkubwa. Tata alijibu kwa kidole gumba.

Walianza kubomoa mwezi uliopita. Matofali mazima yanapangwa pembeni, yatajenga jiko. Kaka alipanda ngazi kulitazama lile dirisha dogo la juu kabla halijashuka, akanitumia picha, na bado hatujui lilikuwa la nini. Mama amekubali kila kitu walichopanga isipokuwa kimoja: kile kidaraja cha mlangoni, jiwe moja pana la mtoni alilolileta babu, ambalo yeye hukalia jioni akitazama makaburi. Amesema libaki lilipo. Fundi anasema litamharibia vipimo, mlango mpya unaangukia mita moja na nusu upande wa kushoto. Mama amemwambia apime upya.